Namba Iliyogeuka Sifuri

Dada mpendwa,

Pokea salamu zangu. Natumaini u mzima, na miguu imeacha kuvimba baada ya zamu. Mimi sijambo. Mama naye hajambo, anauliza tu mbona siku hizi hucheki kwenye simu. Nilimwambia ni uchovu wa kazi, nikijua si kweli.

Ulinieleza kwamba mashine ya joto kwenye wodi ya watoto njiti ilikaa kimya huku mtoto akichemka, kwamba ulimgusa ukamtoa, na bado ukapewa barua ya onyo, eti ulizima king'ora. Ulisema ukipata ya pili, kazi basi.

Programu ya mashine zile tuliandika hapa karakana kwetu, kwa lugha ya kompyuta iitwayo C. Kila hali ya mashine tunaipa jina, na kila jina lina namba yake. Shwari ni sifuri, Inapasha ni moja, na kuendelea. Hatari niliipa mimi 65,536, nikitaka ikae juu ya zote. Kompaila, ile programu inayogeuza maandishi yetu yaeleweke na mashine, ilinionya kuwa namba hiyo haitaenea kwenye kila chipu, ule ubongo mdogo wa mashine. Kwenye kompyuta yangu ilienea vizuri tu.

Sasa, bosi wetu ana sheria yake: atakayekutwa na onyo kwenye skrini anawanunulia chai watu wote kumi na mmoja. Alitaka tusafishe kazi, sisi tukajifunza kuzima maonyo. Unanijua nilivyo mkono wa birika. Nilikuwa wa kwanza.

Mwaka huu mashine zimewekewa chipu ndogo zaidi. Hizo huhesabu hadi 65,535 kisha huanza upya, kwa hiyo namba yangu haikuenea, ikakatwa, ikabaki sifuri. Joto lilipozidi, mashine ilisoma Shwari, na king'ora hakikulia.

Dada, wewe hukuzima chochote. Niliyezima ni mimi, kwa mstari mmoja. Nimelijua hili tangu Jumatatu, na ulipopiga Jumanne nikazungumzia mvua. Naona aibu sana.

Jana nilimwambia bosi. Alipiga simu hospitali zote mwenyewe, na mashine zikachomolewa kabla ya mchana. Kwenye maelezo alitaka niandike hitilafu ya kiufundi. Nimeandika nilichofanya, na huenda nikafukuzwa. Nakala ya maelezo hayo imo humu, ina jina langu na sahihi yangu. Mpelekee muuguzi mkuu leo, hata kama hujaamua kunisamehe.

Nisalimie shemeji na watoto. Na yule mtoto uliyemtoa kwenye mashine, kama bado yuko wodini, mguse tena kwa ajili yangu.

Ni mimi mdogo wako,
uliyembandika jina la Mjuaji