Sikumuuliza Kazimili

Murusagamba,
Jumapili, baada ya misa.

Dada yangu Auleria,

Shikamoo, dada. Habari za hapo Nemba, na mguu wako unaendeleaje tangu ulipoteguka ukitoka mgombani? Sisi huku tu wazima. Wifi yako Priscila anakusalimu sana, na watoto wanakula maharage mapya mpaka wanasahau kwamba kuna shule. Barua hii nampa mwalimu mwenzangu anayekuja huko kwenu Biharamulo kesho, barabara ikimruhusu. Najua utashangaa kwa nini naandika wakati simu ninayo. Mara tatu nimekupigia, na mara tatu nimeishia kukuuliza habari za mihogo.

Nataka kukueleza ile fainali ya Nemba na Murusagamba. Wewe hukuwepo, na habari uliyoipata uliipata kwa mwanao Renatus akiwa na hasira, na kwangu nikiwa na maneno machache.

Kamati ya Kombe la Ujirani walinipa mimi filimbi kwa sababu mwamuzi waliyemtegemea aliugua. Nilipaswa kuwaambia palepale kwamba mshambuliaji wa Nemba ni mtoto wa dada yangu. Sikusema. Nilijiona mtu wa haki ambaye hata undugu haumgusi. Kiburi changu unakijua, dada, ulikilea wewe mwenyewe.

Kabla ya mchezo niliwaita washika vibendera wangu wawili tukapatana kama ilivyo kawaida yetu. Magoli ya uwanja wetu hayana nyavu, kwa hiyo mpira ukigonga mtambaa wa panya, ule mti wa juu, ukadunda chini, mwamuzi aliye mbali anaweza kubabaika. Tukasema hivi: nimtazame mwenye kibendera wa upande ule. Akikimbia kuelekea katikati ya uwanja, ni goli. Akisimama palepale, si goli. Na nikiwa na shaka, nisimamishe mchezo nimfuate, tuzungumze sisi wawili bila mchezaji kusogea. Upande wa goli la Murusagamba, kipindi cha pili, alikuwa Kazimili, fundi baiskeli wa hapa sokoni. Ni mtu mkimya, lakini macho yake ni ya mwewe.

Murusagamba walitangulia kufunga. Kisha beki wao akamvuta mtu wa Nemba jezi ndani ya boksi, nikatoa penalti, ikawa moja moja. Penalti ile hata kipofu angeitoa. Lakini kulikuwa na mtu anayejua ukoo wetu, na hazikupita dakika tano upande mzima wa uwanja ukawa unaimba: mjomba, mjomba, wape na kombe. Walioimba ni watu ninaoishi nao, wazazi wa wanafunzi wangu, hata yule mama anayetukamulia maziwa. Nilijifanya nacheka, lakini moyoni niliungua.

Dakika zilikuwa zimekwisha nilipokuwa natazama saa, ndipo Renatus akapokea mpira nje ya boksi, akageuka, akapiga. Ukagonga mtambaa wa panya, ukashuka, ukadunda, kipa akaudaka akaukumbatia. Nikapunga mkono mchezo uendelee. Nemba walisimama wote mikono kichwani.

Nahodha wao, Celestini, hakunijia kwa fujo. Alikuja mikono nyuma kama mtu anayeingia ofisini, akasema, “Mwalimu, tunaomba umuulize tu mwenzako. Akisema si goli, tunarudi kucheza.”

Kulikuwa na kosa gani hapo, dada? Kanuni hainilazimishi kuuliza, lakini hainikatazi, na kuuliza hakumpunguzii mwamuzi kitu. Mimi nikamwambia uwanjani mwamuzi ni mmoja, kisha nikamwonyesha kadi ya njano. Wimbo ukakatika. Watu wa Murusagamba wakanipigia makofi, na mimi nikafurahi kupigiwa.

Yaliyofuata unayajua. Zikapigwa penalti, Nemba wakashindwa, na kocha aliyetoka Bukoba akachukua vijana wawili kutoka kwa mabingwa wakachezee timu yake, kama ilivyokuwa imetangazwa. Miezi yote ile Renatus aliamka alfajiri kukimbia kwa ajili ya nafasi ile. Uliponiambia amegawa viatu vyake, na siku hizi anakwenda shamba na kurudi bila kumsemesha mtu, nilikuuliza habari za mihogo.

Jumapili iliyopita alinipigia. Alisema umemwagiza aniombe radhi kwa matusi aliyonitolea siku ile. Sauti yake ilikuwa ndogo. Akasema, “Mjomba, nisamehe. Mama anasema wewe huwezi kuona goli ukalikataa. Labda ni macho yangu.” Nami nikamjibu yamekwisha, mwanangu. Nikaipokea radhi aliyoniomba, Auleria.

Mpira uliingia. Sikuwa mbali, wala sikuwa na shaka. Niliuona ukidunda nyuma ya mstari, hatua nzima. Na Kazimili alikuwa ameshaanza kukimbia kuelekea katikati, nikageuza uso ili nisimwone, mpaka akasimama, akarudi kwenye kona yake. Nilikataa kumuuliza kwa sababu angenijibu.

Jumatatu nilikwenda kwa mwenyekiti wa kamati nikamwambia yote. Akanionyesha ripoti yenye sahihi yangu, akasema uamuzi wa mwamuzi ukishaandikwa umeandikwa, na vijana wameshafika Bukoba. Nikaenda kwa Kazimili kumwomba tuandike pamoja kwamba lilikuwa goli. Aliendelea kukaza spoki. Kisha akasema, “Mwalimu, mimi ni msaidizi. Nasema ninapoulizwa. Hukuniuliza.” Nikarudi nyumbani.

Nimekaa wiki nzima natafuta mlango mwingine na sijauona. Namba ya kocha yule niliipata. Alinisikiliza kwa upole, akasema nafasi zimejaa. Filimbi nimeirudisha kwa kamati, lakini hiyo haimsaidii mtoto. Ukinikasirikia ni haki yako, na ukiniita nije nisimame mbele yenu, nitakuja kwa miguu.

Wasalimie majirani, msalimie na baba yake Renatus. Mungu auponye mguu wako. Renatus mwenyewe usimpe salamu zangu. Mwambie tu kwamba alifunga.

Mdogo wako,
Jovitus