Perege Walioshiba

MAELEZO YA SHAHIDI
Shauri: kujeruhiwa kwa mtu wa barafu, shamba la samaki
Shahidi: mwanamume, miaka 34, anafahamika kwa wote kama Pumba
Kazi: kulisha samaki kwenye mabwawa ya kaka yake
Makazi: chumba cha nyuma ya ghala la chakula cha samaki, hapo hapo shambani
Yameandikwa Ijumaa tarehe 8, kuanzia saa 7.15 mchana

Mimi ni mtu mzima mwenye akili timamu, na ninayosema hapa sikufundishwa na mtu. Hapana, afande, hilo lifute. Nilifundishwa. Kaka alinifundisha jana jioni, na leo tukiwa njiani akanirudishia tena, kisha akaniacha getini. Hayo aliyonifundisha siyasemi.

Samaki wetu ni perege. Tukivua hatuwatumbui, wanapangwa na matumbo yao kwenye makreti, tabaka la barafu, tabaka la samaki. Kwa hiyo siku mbili kabla ya kuvua hawalishwi. Perege mwenye tumbo tupu anakaa kwenye barafu hata siku kumi na nyama yake bado ngumu. Aliyeshiba anaozea ndani, hata umfunike barafu ya dunia nzima.

Mnamo Jumapili tarehe 3, saa 11 jioni, nilipita ukingoni mwa bwawa la pili. Hawakuwa wamekula tangu Jumamosi asubuhi. Walinifuata, midomo juu ya maji, bwawa zima. Nimewalea miezi saba, hata nikipiga chafya wanakuja. Nikawamwagia ndoo mbili. Huruma tu, na ujinga. Nilijiambia ndoo mbili kwa bwawa lote lile si kitu.

Jumatatu alfajiri tulivua. Shemeji, mume wa dada yetu, ndiye mtu wetu wa barafu. Aliwapanga tumbo chini kama kawaida yake, na kila asubuhi aliongeza barafu. Ni mtu wa utani sana; akikosa wa kumtania anawatania samaki.

Alhamisi tarehe 7, saa 4.20 asubuhi, mpishi wa shule tunayoiuzia samaki alirudisha makreti sita. Alibonyeza samaki mmoja mbele yetu, dole gumba likazama tumboni. Akafunua mashavu, ndani kumekuwa kahawia badala ya nyekundu. Alisema, "Nina watoto mia tatu wa kulisha mimi," akaondoka.

Kaka akamgeukia shemeji. "Ulilala, barafu ikayeyuka, halafu ukajaza nyingine juu ili kunizuga."

Shemeji akasema, "Bosi, barafu haijapungua hata siku moja." Akachukua kisu cha pale mezani, akampasua samaki, akamwonyesha chakula kilichojaa tumboni. "Hawa walivuliwa wameshiba. Muulize Pumba."

Kaka akaniuliza, "Uliwalisha?"

Nikasema, "Hapana."

Kaka akasema, "Kumbe unamsingizia mdogo wangu," akashika koleo la barafu, la chuma, la mpini mrefu. Pigo la kwanza lilimpata shemeji mkononi na kisu kikaanguka. Hakuwa amemwinulia mtu kisu, afande, naomba hilo liandikwe vizuri. La pili lilikuwa la begani. La tatu lilimpata tayani, nikasikia mfupa. Alianguka juu ya barafu, damu inamtoka mdomoni, akasema, "Pumba, sema." Kaka akampiga mara mbili nyingine akiwa chini. Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka pale. Nililiogopa lile koleo, na nilijua mapigo yale yalinistahili mimi. Aliyemshika kaka mkono ni dereva wa lori letu, saa 4.35.

Kaka ameripoti kwenu kwamba shemeji alimtishia kwa kisu. Sasa shemeji yuko hospitali na pingu kitandani, taya limefungwa, hata kujitetea hawezi. Dada ameamini yote. Anaamini mumewe alilala kazini, akaozesha samaki, kisha akataka kumuua kaka yetu. Leo asubuhi amekataa hata kumpelekea uji. Uongo huo ulianzia kinywani mwangu, na samaki niliwaozesha mimi.

Nimeishia hapo, na sina neno la kupunguza. Naomba dada yangu asomewe haya. Amekaa kwenye benchi hapo nje. Mimi siwezi, naona aibu.

Sahihi ya shahidi: (ametia)

Maandishi ya afisa: Nimemsomea shahidi maelezo yake, ameyakubali na kutia sahihi saa 8.40 mchana. Nimeagiza majeruhi afunguliwe pingu na kaka wa shahidi aitwe. Ombi la mwisho nimelikataa. Nimemwambia shahidi atoke akamwambie dada yake mwenyewe. Alitoka. Sikusikia alichosema. Nilisikia kofi, na jingine, kisha sauti ya mwanamke ikimuuliza askari wa kaunta gari la kwenda hospitali linapitia wapi.