Mimba ya mbuzi ya mama

Houda, uko wapi? Mbuzi ya mama imekufa.

Ile yenye wote tulisema iko na mimba. Tumbo ilikuwa kubwa, mutaa yote ya Buyenzi wanamupongeza mama. Alishasema kambuzi kenye itazaa, kakikomaa, tutakachinja kwa akika ya mutoto wa dada Waridi.

Asubuhi tumeikuta imelala, inahema, halafu ikakata roho. Uthmani wa bucheri, mwenye kuuza nyama, akaja mbio na kisu, akasema tupasue haraka tuokoe mutoto.

Akapasua. Akaingiza mukono, akavuta.

Houda, hakuna mutoto. Apana. Ni masashe! Mifuko ya plastiki, imejisokota kama kamba, moja bado inanuka samaki. Si unajua nyuma ya magaraji, penye wote tunatupa uchafu? Ndiko ilikuwa inakula kila siku.

Uthmani anasema, "Hii imekufa na njaa. Chakula ilikosa pa kupita."

Njaa, Houda. Na lile tumbo lote!

Kila asubuhi mama alikuwa anaipapasa, anatuita: "Leteni mikono, anacheza!" Na mi niliweka mukono wangu, nikasema ndiyo.

Sasa amekaa chini, hata machozi hana. Ananiuliza: "Basi chenye kilikuwa kinacheza ni nini?"