Kondoo niliyoinua Kitengela

Takwenya! Nakusalimu, Mama Naserian, mke wangu,

Leo daktari amenidunga ganzi mgongoni na sikulia hata kidogo. Alisema ni ya kupima tu mshipa gani inaniumiza, itaisha jioni. Akaniambia, "Mzee, enda ufanye ile kitu huwa inakuuma." Nikaenda soko ya mifugo nikainua kondoo dume mzima bila kuumwa! Mwenye kondoo, Msomali mmoja, akauliza, "Mzee, unanunua ama unabembeleza?"

Jioni uchungu ikarudi, nami nikacheka: mshipa imejulikana! Sasa wataitibu hiyo yenyewe. Umenifunga viatu ya kutosha tangu mgongo ikatae kuinama. Nikipona nitajifunga mwenyewe, halafu nikukamulie ng'ombe, hiyo kazi ya wanawake, na wazee wa kwetu Kimuka wacheke mpaka wachoke.

Lala salama, mama.
Mzee wako mwenye nguvu