Gauni la Kwenda Mji wa Midoli

Jumatatu, 27 Novemba 1972. Kasese

Sare tano za shule tayari. Bado mbili. Cherehani inakata uzi tangu asubuhi, na uzi wenyewe wa kuombaomba. Tangu Wahindi wenye maduka wafukuzwe, hata kifungo cha shati unakisaka mji mzima. Muhindo amelala chini ya meza juu ya vipande vya khaki. Afadhali, akiwa macho anachezea mkasi.

Saa nne alipita Mama Furaha, muuza vitenge wa Butembo. Kaleta habari za mdogo wangu Rejina, aliyeko Beni, ng'ambo ya mpaka. Alisimama barazani na mzigo wake kichwani: "Rejina anaolewa. Bwana yake iko mutu ya Kisangani. Banaondoka nyuma ya sikukuu." Nikamuuliza, na Biira je? Akasema, "Naye ataenda. Si mutoto yake?"

Nimeshona mkono wa shati kinyume. Nimefumua. Nimeshona tena kinyume.

Jumatano, 29 Novemba

Biira ni wangu. Naandika ili nilione kwa macho.

Nilimzaa Beni, wa pili baada ya Masika. Vita vya sitini na nne vilipofika, Baba Masika alikuwa Katwe kununua chumvi. Mimi nilikuwa shambani na Masika, na mimba ya Kabugho tumboni. Biira, miaka miwili, alikuwa nyumbani kwa Rejina. Mimi nikakimbilia mpakani. Rejina akakimbilia msituni, mtoto mgongoni. Alimwokoa, hilo sitalikana hata nikiwa na hasira.

Barabara ilipofunguka nilikwenda kumchukua. Rejina akalia. Hakujaliwa mtoto. Nikasema haya, akae mpaka aanze shule. Halafu ikawa mpaka komunyo ya kwanza. Mara ya mwisho nilipokwenda, mtoto alijificha chini ya kitanda na hakutoka mpaka nikaondoka.

Kisangani ni mbali kupita kiasi. Akienda huko simwoni tena.

Baba Masika alisikiliza yote huku akila. Akanawa mikono, akasema tutakwenda. Basi. Anafanya kazi ya reli, ya kugeuza njia treni ipite. Miaka yote hiyo ya kusubiri treni imemharibu. Hakasiriki.

Jumapili, 3 Desemba

Kanisani sikusikia neno. Nyuma yangu wanawake wananong'ona kwamba mpaka wa Mpondwe utafungwa. Mwingine anasema umeshafungwa. Wa tatu anasema kaka yake kavuka jana na mbuzi. Nilitamani kugeuka niwazibe midomo wote watatu.

Ijumaa, 8 Desemba

Nilimtumia Rejina ujumbe kwamba namfuata mwanangu. Jibu lake limefika, kwa mdomo wa Mama Furaha tena. Hataki niende peke yangu kama askari aliyekuja kukamata mtu. Niende na nyumba nzima, tukutane kwenye mji wa midoli. "Batoto bacheze kwanza. Mutoto akikubali kukufuata, sawa. Akikataa, usimukokote."

Masharti. Mimi nipewe masharti juu ya tumbo langu. Nilipiga ukuta kwa kiganja, sasa kimevimba.

Mji wa midoli naukumbuka. Padri mmoja mzungu, sasa mzee, ameuchonga miaka mingi katika ukumbi wa misheni kule Beni. Nyumba za mbao, soko lenye watu wadogo, kanisa lenye kengele, na treni inayozunguka mtu akizungusha mkono wa chuma chini ya meza. Unafunguliwa Noeli mpaka sikukuu ya Mamajusi. Kiingilio yai moja kwa kila mtoto. Safari hii wanasema huenda ni mara ya mwisho, serikali yao imegombana na mapadri. Imekataza hata majina ya ubatizo. Mimi nitamwita Rejina mpaka nife.

Nimewaambia watoto. Masika, mkubwa, alijua sababu. Kabugho akauliza Biira atalala wapi. Muhindo amerukaruka siku nzima kwa ajili ya treni ndogo. Ile kubwa inapita nyuma ya jiko letu, naye hainui hata kichwa.

Jumamosi, 16 Desemba

Mkubwa wa stesheni amekataa likizo. Baba Masika kaniambia huku anavua viatu, kana kwamba ananiambia kuna mvua. Nikamwambia basi nitakwenda mwenyewe, na nikirudi asinitafute kwenye kitanda chake. Akacheka. Nilimchukia kuanzia saa moja hadi saa mbili.

Kumbe ameshaongea na mwenzake wa Rukoki. Atamfanyia kazi Noeli yote, mwenzake amshikie siku zinazofuata. Angeanza na hilo.

Jumatano, 20 Desemba

Nimepata kitambaa. Buluu, maua madogo meupe, kinatosha magauni matatu. Nataka wasichana wangu waingie mle ukumbini wakiwa sare, atakayewaona ajue ni wa nyumba moja.

La Masika nimekata. La Kabugho nimekata. Kisha nikakaa na mkasi mkononi. Sijui kifua cha Biira. Sijui urefu wake. Nashona watoto wa mji mzima kwa jicho tu, na wa kwangu simjui kipimo.

Nimekata katikati ya Masika na Kabugho. Ningefanyaje.

Jumatano, 27 Desemba. Bwera

Lori kutoka Kasese, vumbi hadi kwenye meno. Tumelala kwa mama mkwe. Nimebeba mayai kwenye kikapu cha majivu. Soko la hapa limejaa askari. Wake zao wananunua kama wengine, lakini muuzaji anapunguza bei kabla hawajasema.

Sijala.

Alhamisi, 28 Desemba. Beni

Tumevuka. Darajani askari, kijana wa mbali, si wa huku. "Nakwenda wapi?" Baba Masika akajibu, kuona midoli, afande. Yule akamwangalia usoni, kisha akaniangalia mimi. "Mutu mukubwa nakwenda ona midoli?" Akacheka peke yake. Akahesabu watoto kwa kidole, akaandika watatu. Akachukua mayai, akatuachia mawili.

Watatu. Neno hilo nimekuja nalo njia nzima ya Kasindi hadi hapa. Kurudi tutakuwa wanne. Au watatu. Sijui lipi linanitisha zaidi.

Ijumaa, 29 Desemba. Beni

Niandike kwa mfuatano.

Tulifika ukumbini asubuhi. Mlangoni mayai mawili kwa watoto watatu. Sista akapokea, hakuhesabu. Ndani giza kidogo, harufu ya mbao na mishumaa, na watoto kama sitini wamezingira meza. Rejina alikuwa upande wa pili. Kanenepa, kapendeza. Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumpiga. Mkononi mwake msichana mrefu.

Mrefu kuliko Masika.

Aliniona. Akarudi nyuma ya kitenge cha Rejina. Nikamwita jina. Akaangalia sakafu. Nikatoa lile gauni kwenye mfuko, mbele ya watu, mjinga mimi, nikaligusisha mabegani mwake. Lilikomea juu ya magoti. Watoto wa karibu wakacheka. Rejina akasema kwa upole, "Dada, mutoto amekomaa." Upole wake ndio ulioniumiza. Nililikunja nikalirudisha mfukoni.

Kisha treni ikatoka nje ya njia. Ilikuwa inatoka kila ikifika kwenye daraja dogo. Padri mzee anairudisha, inatoka tena. Nikatazama, Baba Masika hayupo. Yuko chini ya meza, kaptura na soksi za reli zinaonekana. Akatoa kichwa mbele ya watu wote: "Pointi haikai, padri, hii ya kugeuza njia. Kasese ningefukuzwa kazi." Akaomba kipande cha waya. Akafanya kazi yake chini ya meza ya midoli kwa uzito uleule anaoufanyia treni ya shaba ya Kilembe. Treni ikazunguka mara moja, mara mbili, haikutoka.

Biira akacheka. Tangu ana miaka miwili sijasikia kicheko chake. Akaachia kitenge cha Rejina, akaenda kuchuchumaa karibu na baba yake. Akamuuliza, "Kwenu treni iko ya kweli?" Akajibu, iko, inapita nyuma ya jiko. "Mutu anaweza kuiona?" Kila siku ikipita.

Nilisimama na mfuko wangu wa gauni. Nilimwonea mume wangu wivu. Sijawahi kumwonea wivu kwa lolote.

Padri akampa Biira behewa moja dogo la mbao. Akampa na Muhindo lake, kunyamazisha kilio.

Jumamosi, 30 Desemba. Beni

Rejina alimwambia mtoto ukweli mbele yangu. "Mimi naenda mbali sana. Huyu njo mama yako alikuzala. Kwake beko batoto benzako. Unataka wapi?" Biira hakujibu mpaka jioni. Alizunguka nyuma ya nyumba na lile behewa. Masika alimfuata, sijui walizungumza nini.

Jioni akasema atakuja kuona treni ya kweli. Hakusema atakuja kwangu. Sijali. Aje kwa ajili ya treni, aje kwa ajili ya nini, mradi aje.

Rejina amefunga nguo zake zote usiku huu, moja moja, akizipiga pasi kwanza. Sikumzuia. Nilikaa naye. Tulilia wote wawili, na kisha tukacheka kidogo, tukikumbuka marehemu mama alivyokuwa akituchapa.

Jumapili, 31 Desemba. Bwera

Rejina alitusindikiza hadi daraja la Mpondwe. Hapo akasimama. Sisi tukavuka.

Askari yuleyule. Nilimwona kabla hajatuona. Akahesabu. Akahesabu tena. "Nakwenda na tatu, narudi na ine. Hii moja natoka wapi?"

Nikasema ni mwanangu. Akasema wanawake wote wanasema hivyo. Akasema kuna watu wanaiba watoto Kongo kuwafanya wa kazi za nyumbani. Akachukua lile behewa, akalitikisa sikioni, akalipasua kwa kitako cha bunduki kutafuta dhahabu. Hakuna kitu, mbao tu. Biira aliangalia vipande, hakulia. Baba Masika alifungua mdomo, askari akamwambia, "Kaa chini!" Akakaa chini, mavumbini, mtu mzima, watoto wake wanaangalia.

Kisha askari akamwinamia Biira. "Mama yako nani?"

Mtoto akageuka. Akanyoosha kidole ng'ambo ya daraja, kwa Rejina. "Mama iko kule."

Askari akanikamata mkono wa juu, bado una alama.

Karibu yake palikuwa na polisi, mtu wa makamo, Mkonzo mwenzetu, wa Munkunyu. Akasema polepole, "Afande, kwetu jina ni namba. Uliza hawa majina." Askari akauliza. Masika, Kabugho, Muhindo. "Sasa angalia, afande. Masika ni wa kwanza. Kabugho ni wa tatu. Muhindo ni kijana aliyefuata wasichana. Wa pili yuko wapi?" Askari akasema labda amekufa. Polisi akasema labda. Akamwuliza mama mmoja kwenye foleni, mwenye ndizi kichwani, mgeni kwetu kabisa: msichana wa pili anaitwa nani? "Biira." Mzee mwenye baiskeli? "Biira, nani tena?" Foleni nzima ikawa inaitika.

Bado hakuridhika. "Biira wako mingi. Nitajua aje kama ni hii?"

Polisi akawageukia watoto, akawaambia kwa Kikonzo wajipange walivyozaliwa.

Masika akasimama. Kabugho akasogea kando yake, kama kawaida yake, kisha akaganda. Akarudi hatua moja, akaacha nafasi. Biira akaangalia ng'ambo ya daraja. Akaangalia nafasi. Akaja, akasimama pale, katikati, mikono ubavuni kama shuleni. Hakuna aliyemwambia ni wapi. Rejina alimfundisha. Miaka yote hii, kumbe alimfundisha ni wa ngapi na nani yuko mbele yake na nani nyuma.

Askari akawaangalia muda mrefu. Akatema mate pembeni. "Pita."

Nilipogeuka, Rejina alikuwa bado amesimama kule. Nikainua mkono. Naye akainua. Kisha lori likapita kati yetu.

Alhamisi, 4 Januari 1973. Kasese

Uzi umepatikana. Sare za muhula zinaningoja, sijazigusa.

Baba Masika amefunga behewa kwa waya, lina kovu lakini linatembea. Jana treni ya kweli ilipita. Biira alisimama nyuma ya jiko mpaka behewa la mwisho. Jioni alikula vizuri.

Asubuhi nimefumua pindo la lile gauni na kuliunga chini kwa kitambaa cheupe, kwa sababu buluu imekwisha. Nikamsimamisha juu ya kiti nipime. Kifua, kiuno, urefu. Nimeandika vipimo vyake ukutani kwa chaki, katikati ya vya Masika na vya Kabugho. Alisimama, pini zinamzunguka. Kisha akasema, "Mama Masika, sindano itanichoma."

Mama Masika. Kama majirani wanavyoniita, kama mama muuza mkaa anavyoniita.

Nikaitika. Nikamwambia, simama vizuri, mwanangu, haitakuchoma. Nikamaliza pindo.