Maharagwe ya Neema

Itebero, Jumanne

Mama yangu,

Nakusalimu kwanza, maana ndivyo ulivyonilea, na hasira haijanisahaulisha adabu. Goti linakusumbua bado? Yule ng'ombe mwekundu amezaa? Mimi ni mzima. Aline atakusomea barua hii kama kawaida. Aline, mwanangu, soma yote. Usiruke mahali hata shangazi yako akiongea kwa ukali, hata baba yako akikukazia macho.

Kazi ya ukunga huku ni miguu. Juzi nilitembea msituni tangu asubuhi mpaka saa nane, nikazalisha mapacha, nikarudi nimeloa mpaka kiunoni. Nilikuwa na furaha. Jana nikapanda kilima ambako mtandao unashika, nikampigia kaka ili nimsikie binti yangu akiguna ule wimbo wake usio na maneno. Badala yake kaka akaniambia:

"Dada, usikasirike. Mutoto wako iko anahesabu bantu na maharagi, ni uchawi. Alitoa moja mu mustari, akaitupa pembeni, na ile siku njo mutoto wangu mudogo alianguka na homa. Sasa tunamufunga mikono na kitenge asicheze tena. Dimanche ya mwisho ya mwezi, kisha ibada, tutamupeleka ku chumba ya maombi, abakie siku tatu bila kukula."

Nikamwuliza, "Na Mama alikubali?"

"Ni yeye alisema vile."

Akakata. Tangu hapo amezima simu yake, nawe huna, ndiyo maana naandika.

Mama, Neema ana miaka saba. Nani alimfundisha kutandaza maharagwe kwenye mkeka? Ni wewe. Kila msimu wa kupanda unakaa mlangoni unachagua mbegu: mekundu huku, meupe kule, ya madoa pale, na lile lililotobolewa na wadudu unalitupa pembeni. Naye alikuwa amekaa kando yako, anaangalia vidole vyako. Anachocheza ni kazi yako. Haragwe alilolitoa lilikuwa bovu. Kama huo ni uchawi, basi wamama wote wa kwetu Masisi ni wachawi kila msimu, na wewe ndiye mkubwa wao. Nisamehe. Hapana, usinisamehe, nimesema ninachofikiri. Na homa ya mtoto wa kaka ipimwe kwenye kituo cha afya, kama homa za watoto wengine.

Daktari wa Goma alitueleza sote wawili. Alisema Neema ana autisme, usonji, kwamba atacheza kwa namna yake na tusimvunjie mchezo wake. Uliitikia kwa kichwa. Nilikuachia mtoto wangu kwa sababu uliitikia.

Wenzake wanashuka mlimani na chukudu, ile baiskeli ya mbao ya jirani, wakipiga kelele. Yeye anaipindua, anazungusha gurudumu kwa mkono, shavu karibu na ubao, na anacheka. Mnasema hajui kucheza na watu. Kabla sijaja huku, Aline alikaa karibu yake bila kumsemesha, akaweka haragwe moja mwisho wa mstari. Neema akaliondoa. Kesho yake akaliondoa tena. Wiki nzima ikapita hivyo, hadi siku moja akaliacha, akaweka lake mbele ya lile la Aline, halafu akangoja. Alingoja, Mama. Nilikuwa nimesimama na sufuria mkononi, nikashindwa kuitua. Huyo ndiye mnayemfunga mikono.

Hapa yuko mama mmoja mzee, bado anafuata mila za wazee wake, na kaka angesema hajaokoka. Mjukuu wake hupanga magamba ya konokono mlangoni pa jiko, na nyumba nzima inazunguka kupita nyuma. Nilimwuliza kwa nini. Akanishangaa: "Iko anacheza. Tunapita fasi ingine." Basi, hakuna zaidi.

Utasema hasira hasara. Hasara ni mtoto kulala njaa siku tatu kati ya watu wanaompigia kelele, yeye ambaye mvua juu ya mabati tu humfanya azibe masikio. Ijumaa naondoka hapa, mkubwa wa kituo anipe ruhusa au asinipe. Ukimpeleka kabla sijafika, nitamfuata humo ndani, nitamtoa, na sisi wawili hatutakanyaga tena kwako. Nimelia nikiandika maneno hayo, lakini sikuyafuta.

Nisalimie mama mdogo anayeuza maziwa, na mjomba katekista, umwulize alikuwa wapi haya yote yakisemwa. Mke wa kaka nampa pole ya mtoto. Kaka mwenyewe hana salamu yangu. Aline, asante. Neema msimkumbatie kwa niaba yangu, hapendi. Mfungueni mikono, mpeni maharagwe yake, mkae kando mnyamaze.

Binti yako,
Furaha