Gia ya Kupandia Kilima cha Hospitali

Kaka yangu mpendwa,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote: kilima cha hospitali kimekuwa chepesi, nami ninaogopa.

Nilipomwomba fundi wa baiskeli anifungie gia ya nyuma yenye meno mengi, kama ulivyonishauri, alinicheka. "Profesa, kilima hakipandwi kwa vitabu!" Lakini aliifunga, na pedali zikalainika. Nilimpakia Mama kwenye keria nikafika juu bila kushuka, ingawa mapaja yaliwaka moto.

Mwezi uliopita sikuihitaji tena, nikahamia gia ya kati. Wiki hii nimepanda kwa ile ngumu, ya kwendea tambarare. Fundi anasema nimeota misuli. Kaka, suruali zangu ni zilezile. Nguo za Mama ndizo zinazompwaya. Daktari anasema tu tuendelee na dawa.

Jana, katikati ya kilima, Mama aliniuliza, "Mbona siku hizi huhemi, mwanangu?"

Nikaanza kuhema kwa nguvu. "Mama, wewe ni mzito jamani!"

Akacheka. Nikashuka, nikaisukuma baiskeli taratibu hadi mlangoni, yeye akiwa amekaa juu yake.

Ni mimi, mdogo wako.